Namna ya Kuchagua Mahali pa Likizo ya Baiskeli za Milimani, kutoka Nakuru hadi Mlima Elgon

Mwenye baiskeli ya milimani anayeishi Kisumu, Nakuru, Kakamega au Eldoret ana bahati kubwa, kwani kwa safari ya nusu siku anaweza kufika kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, kwenye mashamba ya chai ya Nandi, kwenye kasoko (shimo la volkeno) ya Menengai au chini ya Mlima Elgon. Wingi huo ndio unaowachanganya wengi, na mara nyingi uamuzi hufanywa kwa kutazama picha nzuri ya jua likichwea nyuma ya milima. Picha haionyeshi mambo mawili ambayo ndiyo yatakayoamua kama likizo itakuwa ya furaha au ya taabu, nayo ni hali ya udongo baada ya mvua, na jinsi utakavyorudi juu baada ya kuteremka.

Katika milima ya Alps, huko Ufaransa na Uswisi, magari ya kamba yanayowapandisha wacheza theluji majira ya baridi hupandisha baiskeli majira ya joto, na njia za kuteremkia huwekwa alama za rangi kulingana na ugumu wake. Kwetu hakuna gari la kamba wala alama za rangi. Njia utakayoipita imekanyagwa na watoto waendao shule, ng'ombe washukao mtoni na akina mama watokao sokoni, na hakuna aliyeipima kwa ajili ya magurudumu. Kazi ambayo kwingineko hufanywa na wenye uwanja itakubidi uifanye mwenyewe kabla ya kuondoka nyumbani.

Hatua ya kwanza: Anza na aliye dhaifu zaidi katika kundi

Kabla ya kutaja jina la mlima wowote, jiulize ni nani katika kundi lenu mwenye uzoefu mdogo kuliko wote, kisha uchague mahali panapomfaa yeye. Mwendeshaji hodari atapata raha hata kwenye njia rahisi, kwa kuwa anaweza kuirudia kwa kasi zaidi au kutafuta kipande kigumu pembeni, lakini asiye na uzoefu akifikishwa kwenye ukingo wenye mawe yaliyolegea hana la kufanya ila kushuka akiikokota baiskeli kwa saa kadhaa huku wenzake wakimngoja. Nashauri mwulizane maswali ya wazi: je, kila mmoja anaweza kukaa juu ya tandiko saa tatu mfululizo? Je, anajua kuteremka akiwa amesimama juu ya pedali, uzito wake ukiwa nyuma, bila kukaza breki ya mbele kwa hofu? Je, amewahi kuendesha kwenye kokoto? Majibu ya maswali hayo yatapunguza orodha ya mahali kwa nusu.

Kimo nacho ni sehemu ya hesabu hii. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, Nakuru inakaribia mita 1,850, na Iten iko mita 2,400, ambako msukumo wa hewa ni pungufu kwa takribani robo ukilinganisha na pwani. Mtu wa Kisumu anayefika Iten jioni na kuanza kupanda mlima alfajiri atahema mapema na kudhani kwamba ana udhaifu, ilhali mwili wake haujazoea tu. Siku ya kwanza iwe ya mwendo mfupi.

Hatua ya pili: Pima mteremko, kisha uliza utarudi juu kwa njia gani

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Fungua ramani yenye mistari ya kimo, yaani inayounganisha mahali penye kimo sawa, kama ile ya OpenTopoMap mtandaoni, utafute kimo cha mahali pa kuanzia na cha mahali pa kumalizia, kisha ugawanye tofauti hiyo kwa urefu wa njia. Mteremko wa mita 600 katika kilomita 8 ni wastani wa asilimia 7.5, yaani kila mita 100 unazokwenda unashuka mita 7.5. Kwa wastani wa namna hiyo mtu wa kawaida anaweza kuteremka bila shida, na akiwa na nguvu anaweza hata kupanda. Ukizidi asilimia 12 kwenye murram, wengi watashuka na kusukuma wakati wa kupanda, na wakati wa kuteremka breki zitafanya kazi bila kupumzika. Kumbuka pia kwamba wastani unaficha mengi, kwa kuwa njia yenye wastani wa asilimia 7 inaweza kuwa na kipande cha mita 300 kilichosimama kama ukuta. Angalia mahali ambapo mistari ya kimo imebanana, kwa sababu hapo ndipo hatari ilipo.

Baada ya kupata hesabu hiyo, chagua mojawapo ya njia tatu za kurudi juu. Ya kwanza ni kupanda kwa miguu yako mwenyewe, nayo inafaa pale tofauti ya kimo isipozidi mita 500 au 600 kwa siku. Ya pili ni kukodi pikapu au Probox itakayowangoja chini. Njia hii ni ya uhakika, mradi bei ikubaliwe mapema, ikihusisha pia muda wa kungoja, na dereva aonyeshwe kwenye ramani mahali hasa pa kukutana, kwa maana mtandao wa simu mara nyingi hupotea ndani ya mabonde. Ya tatu ni matatu yenye keria. Makondakta wengi hukubali kupakia baiskeli juu kwa nauli ya ziada, lakini kundi la watu sita lenye baiskeli sita haliwezi kutegemea matatu moja inayopita jioni. Beba kamba zako mwenyewe na vipande vya tyubu kuukuu vya kuzuia fremu zisisuguane, na ufunge baiskeli kwa mikono yako badala ya kumwachia utingo mwenye haraka.

Ukishindwa kujibu swali la kurudi juu, mahali hapo hapakufai, hata pakiwa pazuri namna gani.

Hatua ya tatu: Linganisha majira na udongo

Kalenda ya mvua ya upande wetu haifanani na ya Nairobi. Mvua ndefu huanza Machi, lakini Kitale na Eldoret huendelea kunyeshewa hadi Agosti na Septemba, na Nakuru huwa na mvua nyingi tena Julai na Agosti. Kakamega hupata mvua karibu mwaka mzima, na nyingi huja alasiri. Kwa hiyo likizo ya shule ya Agosti, ambayo familia nyingi huipendelea, ni wakati mgumu kwa Elgon na Cherangani, ingawa ndani ya Bonde la Kerio kunaweza kuwa kukavu. Desemba baada ya mvua fupi kuisha, kisha Januari na Februari, ndio wakati mwafaka kwa karibu kila mahali palipotajwa hapa.

Lililo zito kuliko mvua yenyewe ni kile ambacho mvua hukifanya kwenye udongo. Udongo mwekundu wa Kakamega na Nandi ukilowa huteleza, kisha hunata kwenye tairi na kujaza nafasi kati ya gurudumu na fremu, hata gurudumu likakataa kuzunguka. Udongo mweusi wa mfinyanzi kwenye nyanda za Kano ni mbaya zaidi, na ukilowa haupitiki kabisa kwa baiskeli. Ardhi ya volkeno ya Menengai na Naivasha hukausha maji upesi, hivyo unaweza kuendesha siku moja tu baada ya mvua, ila wakati wa kiangazi vumbi lake laini huingia kwenye cheni na kuila. Kwenye kuta za Bonde la Kerio mawe hulegea baada ya mvua kubwa, na si jambo la kupuuzwa: eneo la Chesongoch, Marakwet Mashariki, lilikumbwa na maporomoko ya udongo yaliyoua watu mwaka 2020 na tena mwaka 2025. Mvua ikinyesha usiku kucha, usiteremke ukingoni asubuhi yake.

Mtu bora wa kuulizwa ni mwenyeji. Mpigie simu mwenye nyumba ya wageni au mfugaji unayemfahamu, umsalimie ipasavyo, kisha umwulize: "Mzee, mvua ya mwisho ilinyesha lini huko kwenu, na je, pikipiki zinapita ile njia ya kushuka mtoni?" Pikipiki za bodaboda ni kipimo kizuri. Zikiwa zimeacha kutumia njia fulani, nawe iache.

Hatua ya nne: Pima mahali kwa mahali

Iten na ukingo wa Elgeyo ndiko ningempeleka kwanza mwendeshaji mwenye uzoefu. Kutoka mjini Iten, barabara ya Kabarnet hushuka kupitia Tambach hadi chini ya Bonde la Kerio, ambako kimo kinakaribia mita 1,100, na maana yake ni kwamba unapoteza takribani mita 1,300 za kimo katika safari moja. Pembeni mwa barabara hiyo zipo njia za miguu na za mifugo zinazokatiza kona, nyingine zikiwa na ngazi za mawe zinazohitaji ustadi mkubwa, na juu kabisa ukingoni zipo njia tambarare za udongo mwekundu ambako wanariadha hufanyia mazoezi. Uzuri wa Iten ni kwamba kundi moja linaweza kugawanyika asubuhi na kukutana jioni: wanaojifunza wabaki juu kwenye njia za wakimbiaji, wazoefu washuke kwa njia za mifugo, na wale wa katikati waifuate lami. Wakimbiaji wapewe nafasi, kwa sababu wao wako kazini, nasi tuko likizoni.

Hata hivyo, Iten inataka maandalizi ya kweli. Breki huchemka kwenye mteremko mrefu namna hiyo, kwa hiyo simameni kila baada ya dakika 15 hivi, mkague breki bila kugusa diski zenyewe (sahani za chuma zinazobanwa na breki), na msikilize kama breki inalegea. Joto nalo hubadilika sana. Kwa kila mita 1,000 unazoshuka hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 hivi, hivyo aliyeondoka juu akiwa na jaketi atafika chini akiwa amelowa jasho na huenda amemaliza maji. Beba angalau lita tatu kila mtu. Kule chini, kwenye korongo la Cheploch ambako barabara inavuka Mto Kerio, pana kivuli na watu, na ni mahali pazuri pa kukutana na gari. Usijaribu kukatiza kupitia Hifadhi ya Rimoi, kwa kuwa ina ndovu, wala usikaribie kingo za mto, kwa kuwa una mamba. Kwa upande wa usalama, baki sehemu ya kusini karibu na barabara ya Iten hadi Kabarnet. Sehemu za kaskazini mwa bonde, kuelekea Tot, zimewahi kukumbwa mara nyingi na wizi wa mifugo na mashambulizi, na wageni wa baiskeli hawana sababu ya kwenda huko bila ushauri wa chifu na wa wenyeji wanaowaamini.

Kwa mtu wa Kisumu asiye na siku nyingi, Nandi ndilo jibu. Mji wa Nandi Hills unakaribia mita 2,000, na kati yake na tambarare za miwa za Chemelil pana ukingo unaoteremka takribani mita 800. Barabara za ndani ya mashamba ya chai zina miteremko ya wastani na zinafaa hata kwa anayejifunza. Jambo moja tu: barabara hizo ni mali ya mashamba, kwa hiyo omba ruhusa kwa meneja au langoni, na uulize ni sehemu zipi zinazopuliziwa dawa siku hiyo.

Mlima Elgon unawafaa wanaotaka safari ya siku kadhaa, wakilala nyumba tofauti kila usiku. Ni mlima mpana, wenye miteremko mirefu isiyosimama sana, na ingawa kilele chake kikuu, Wagagai, kiko mita 4,321 upande wa Uganda, huna haja ya kufika huko ili kuufurahia. Barabara za murram zinazozunguka chini yake kupitia Endebess, Saboti na Kapsokwony, kati ya mashamba ya mahindi na kingo za msitu, zinatosha kwa likizo nzima. Ndani ya mbuga ya taifa, iliyotengwa mwaka 1968, kuna nyati na ndovu, na mapango kama Kitum ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi. Ukitaka kuingia humo na baiskeli, uliza kwanza kwenye lango la Chorlim na uwe tayari kufuatana na askari wa wanyamapori. Mapangoni usiguse popo wala kinyesi chao: wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wametembelea Kitum muda mfupi kabla ya kuugua.

Familia yenye watoto iende Hell's Gate, Naivasha. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambako kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga kumeruhusiwa kwa miaka mingi, njia yake kuu ni karibu tambarare, na baiskeli hukodishwa karibu na lango la Elsa. Si mahali pa mlima kwa maana kamili, ila mtoto wa miaka kumi na miwili atapakumbuka. Zijaribu breki na gia kabla ya kulipa, kaa mbali na nyati, na usishuke kwenye korongo kukiwa na dalili ya mvua, hata ya mbali, kwa sababu mafuriko ya ghafla yamewahi kuua wageni humo mwaka 2012 na 2019.

Menengai naiona zaidi kuwa uwanja wa majaribio. Kutoka mjini Nakuru unapanda hadi mita 2,278 ukingoni, unaitazama kasoko yenye upana wa kilomita 12 kwa 8, kisha unarudi mjini kabla ya chakula cha mchana. Mawe ya lava yaliyo ndani ya kasoko ni makali na hukata tairi nyembamba. Kakamega ni ya kupumzikia: msitu wa mvua wenye njia laini na kilima cha Lirhanda, wala si ya anayetafuta miteremko mikubwa. Cherangani, yenye vilele vya takribani mita 3,500, ni nzuri mno, lakini iachie mwaka wako wa pili au wa tatu, ukiwa na mwenyeji wa kuwaongoza.

Hatua ya tano: Pata ruhusa na uwaheshimu wenye njia

Mbuga za taifa husimamiwa na Shirika la Wanyamapori na ada yake hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo lipa kabla ya kufika mahali ambapo mtandao ni dhaifu. Misitu ya serikali husimamiwa na Shirika la Misitu, na kituo cha karibu ndicho kitakachokueleza njia zilizofunguliwa. Njia za vijijini hazina ada, lakini zina wenyewe. Punguza mwendo unapoona watu, simama kabisa mbele ya ng'ombe na punda, na usalimie kwanza: "Chamgei" upande wa Wakalenjin, "Mulembe" upande wa Waluhya. Mama aliyebeba kuni kichwani hawezi kuruka pembeni, kwa hiyo wewe ndiye wa kutoka njiani. Ajiri kijana wa eneo hilo awe mwongozaji, hata kama anaendesha baiskeli ya kawaida, kwani anajua shamba lililozungushiwa ua mwezi uliopita na daraja lililochukuliwa na maji.

Hatua ya sita: Chunguza umbali wa fundi na wa hospitali

Mafundi wa Kitale, Eldoret na Kisumu ni stadi wa kunyoosha rimu, kubana spoki na kuziba pancha, lakini nyingi ya spea zao ni za baiskeli za mizigo. Tyubu ya gurudumu la inchi 29, pedi za breki za diski, majimaji ya breki na kishikio cha gia ya nyuma beba mwenyewe. Kwenye Bonde la Kerio na Hell's Gate miiba ya migunga hutoboa tairi kila siku, na anayetumia tairi zisizo na tyubu zenye gundi ya kujiziba atapumzika zaidi kuliko wengine.

Kwa majeraha makubwa, hospitali kuu za rufaa ziko Eldoret, Kisumu na Nakuru. Chagua mahali ambapo gari linaweza kumfikisha mtu kwenye mojawapo ndani ya saa mbili au tatu. Helmeti ni lazima kwa kila mtu, pamoja na yule anayesema kwamba anakwenda polepole.

Hatua ya saba: Weka mahali pa akiba, kisha thibitisha

Usilipie mahali pamoja tu. Ukiwa umechagua Elgon au Nandi, weka Menengai au Hell's Gate kuwa akiba, kwa sababu ardhi yake hukauka upesi. Mweleze mwenye nyumba tangu mwanzo kwamba utathibitisha siku mbili kabla kulingana na mvua, na mkubaliane kiasi cha amana kitakachohamishiwa tarehe nyingine endapo hamtafika. Wengi hukubali wakielezwa mapema, na hukasirika wakiambiwa asubuhi ya siku yenyewe.

Mwisho, andika kwenye karatasi njia mtakayopita kila siku, mahali pa kukutana na gari, nambari ya dereva na ya nyumba ya wageni, kisha umwachie mtu wa nyumbani. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo pangeni kumaliza njia ifikapo saa kumi jioni. Mkubaliane kwamba asipopata habari zenu kufikia saa moja usiku ampigie dereva kwanza, kisha mwenye nyumba, na wote wawili wasipojua mlipo, apige 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu.